Kumwokoa babu bila kujifuta mwenyewe

SWALI: Shikamoo mwalimu. Ni msomaji wako wa Mwanza, naandika riwaya yangu ya kwanza ya vijana. Mhusika wangu ni Koku, msichana wa miaka 15 wa Igoma. Babu yake mzaa mama alikufa katika ajali ya MV Bukoba. Siku moja simu ya Koku inatoa mwanga wa buluu, na mara anajikuta gatini Bukoba, Jumatatu ya tarehe 20 Mei 1996, saa chache kabla meli haijang'oa nanga. Anaamua kumzuia babu asipande. Nimefika sura ya tisa nimekwama. Rafiki yangu anayesoma fizikia anasema hadithi haisimami: babu asipokufa, bibi hahamii Mwanza, bibi asipohamia Mwanza, mama hakutani na baba, basi Koku hazaliwi, na asipozaliwa ni nani aliyemzuia babu? Nifanyeje? Na je, nahitaji mashine ya kisayansi ili wasomaji waamini? Nimekuambatishia muhtasari na sura tatu za mwanzo.

JIBU: Marahaba, mwanangu. Muhtasari na sura zote tatu nimezisoma, ile ya kwanza nimeirudia mara mbili, na sababu ya kuirudia utaiona mbele.

Nianze na rafiki yako, usije ukamnunia. Hoja yake ni ya kweli na ina jina: wenye fani huiita kitendawili cha babu. Waandishi wa hadithi za kisayansi wamekichezea tangu miaka ya 1930 na 1940, na wanafizikia nao wakakiazima. Kwa kawaida kinasimuliwa hivi: mtu anarudi nyuma, anamuua babu yake kabla hajaoa, basi yeye mwenyewe hazaliwi, basi hakuna muuaji, basi babu yu hai, basi mjukuu anazaliwa, anarudi, anaua. Unazunguka kama ngamia wa kinu cha mafuta. Mimi siku zote nimekiona kina kasoro ambayo haina uhusiano na mantiki: nani anataka kumuua babu yake? Katika miswada inayonipitia, mwandishi hulazimika kubuni chuki ya kuunga kwa gundi, babu anakuwa jambazi au msaliti, na kitabu kizima kinakaza misuli kwa ajili ya fumbo moja. Wewe umekigeuza, nadhani bila kukusudia. Koku anampenda babu ambaye hakuwahi kumwona, na huko kumpenda ndiko kunakomfuta. Hilo lina uzito. Usilitupe kwa sababu ya hesabu za rafiki yako.

Ulipokwama ni kwamba umefika sura ya tisa bila kuamua wakati katika riwaya yako ni wa namna gani. Unabadilika au haubadiliki? Katika sura ya tatu Koku anavunja chupa ya soda gatini na hakuna kinachotokea, ila katika muhtasari unasema mikono yake inaanza kufifia kila anapomkaribia babu. Huwezi kula huku na huku. Msomaji wa miaka 13 ni hakimu mkali kuliko mimi. Atakuuliza kwa nini inafifia mikono tu, na kwa nini polepole. Kama hakuzaliwa, hakuzaliwa. Hakuna mtu anayekosa kuzaliwa kwa awamu.

Nakubali kwamba hiyo namna ya kufifia inachekesha na inapendeza, na kuna filamu maarufu zilizokula kwayo. Inafaa kichekesho. Msiba wa mamia ya watu haufai kuwekwa hapo. Namna nyingine, ile ya matawi, ambapo kila ukibadilisha jambo dunia inachipua tawi jipya, nitaipita haraka kwa sababu siipendi katika riwaya za vijana. Koku anamwokoa babu wa tawi jingine. Wa kwake bado yuko ziwani. Akirudi nyumbani anakuta Koku mwingine amelala kitandani kwake. Hakuna kilichopotea wala kilichopatikana, na mtoto amefundishwa kwamba kila kosa lina nakala safi mahali fulani.

Inabaki namna ya tatu, na ndiyo ninayokushauri: wakati uliofungwa. Yaliyotokea yalitokea, na katika hayo yaliyotokea safari ya Koku imo tayari. Haendi kubadilisha tarehe 20 Mei. Alikuwepo tarehe 20 Mei, tangu hapo, kabla mama yake hajamzaa. Mwambie rafiki yako wa fizikia atafute kanuni ya Igor Novikov, mwanafizikia wa Kirusi. Kwa ufupi inasema kwamba kama ingewezekana kurudi nyuma, yangetokea tu mambo yasiyopingana na yenyewe. Atanyamaza kwa wiki moja.

Najua unachofikiri: wakati ukifungwa, hadithi itakuwa na utamu gani, na mwisho tunaujua? Ngoja nikuonyeshe. Mwaka 1958 mwandishi wa Uingereza, Philippa Pearce, alichapisha Tom's Midnight Garden. Mvulana anaitwa Tom. Mdogo wake ana surua, hivyo Tom anapelekwa kukaa kwa mjomba na shangazi katika nyumba kubwa ya zamani iliyogawanywa vyumba vya kupangisha. Usiku saa kubwa ya kusimama pale ukumbini inagonga mara 13, na mlango wa nyuma, ambao mchana unatokea kwenye uga wa mapipa ya takataka, unafunguka kwenye bustani ya zama za kale. Humo anakutana na msichana, Hatty. Kila usiku akirudi Hatty ana umri tofauti, na mara nyingi amekua. Sasa angalia hapa. Hatty ana viatu vya kutelezea barafuni. Tom anamwomba aahidi kwamba viatu hivyo, atakapokuwa havitumii, ataviacha kwenye maficho chini ya sakafu ya chumba anacholala, ambacho ni chumba kilekile Tom anacholala miaka mingi baadaye. Tom anarudi kwenye zama zake, anainua ubao, viatu vimo, pamoja na kikaratasi. Usiku unaofuata wawili hao wanateleza juu ya mto ulioganda, kila mmoja amevaa viatu, na viatu vyenyewe ni jozi moja.

Tulia na jambo moja tu katika hayo. Viatu vilikuwa chini ya miguu ya Tom tangu usiku wa kwanza alipolala chumba kile, kabla hajaviomba. Hakubadilisha chochote. Alitimiza. Utamu wa wakati uliofungwa umo hapo: msomaji hangoji kujua kama mambo yatabadilika, anangoja kujua ni lipi kati ya mambo aliyokwisha kuyaona lilikuwa kazi ya mikono ya msafiri. Kwa hiyo mwandishi lazima aliweke wazi mapema, kwenye sura ambayo hakuna anayelitilia maanani. (Na tafadhali usiweke kitu chini ya sakafu. Hilo limeshafanywa, tena vizuri mno.)

Wewe umeshaliweka. Ndiyo maana niliirudia sura ya kwanza. Ukurasa wa nne, bibi anachambua mchele na kusimulia, kama jambo la kupitisha muda, jinsi ilivyokuwa familia nzima isafiri siku ile, babu, bibi na mama yake Koku aliyekuwa na miaka sita; jinsi mtoto alivyopotea gatini katika ule msongamano; jinsi bibi alivyobaki kumtafuta huku babu akipanda na mizigo, wakiagana kwamba wao watakuja na safari inayofuata. Mtoto akapatikana meli imeshaondoka, amekaa nyuma ya magunia anakula karanga. Umeandika aya sita hivi, halafu ukaziacha, hukuzirudia tena popote kwenye muhtasari. Mwanangu, una ufunguo mfukoni na unavunja mlango kwa bega.

Nani alimnunulia mtoto karanga?

Basi hesabu ya rafiki yako imejibika. Koku anakwenda gatini kumwokoa babu. Anashindwa. Lakini ni yeye aliyemshika mkono mtoto wa miaka sita akampeleka nyuma ya magunia, na kwa hiyo bibi akabaki, na kwa hiyo mama yupo, na kwa hiyo Koku yupo. Bibi bado ni mjane, bado anakuja Mwanza kuutafuta mwili, bado anahamia Igoma, mama bado anakutana na baba. Hakuna uzi unaokatika. Na sura yako ya tisa inapata kitu ambacho sasa haina, yaani uamuzi: Koku anamwona babu juu ya ngazi ya meli, hatua ishirini mbele yake, na wakati huohuo anamwona mtoto amemponyoka bibi anaifuata ngazi ileile. Mikono yake ni miwili, muda ni wa kukimbilia upande mmoja. Asijue kwamba yule ni mama yake mpaka ameshamshika. Au ajue. Mimi ningetaka ajue, lakini kitabu ni chako.

Akijua, una tukio ambalo Kiingereza hakiwezi kuliandika, nawe usilipite mbio. Mtoto huyu kalelewa Kihaya na Kiswahili cha heshima. Anasimama mbele ya msichana mkubwa asiyemjua. Atafanya nini?

"Shikamoo dada," mtoto akasema.

Koku alikuwa ameshafungua kinywa. Neno lililokuwa ulimini ni lilelile alilolisema kila asubuhi tangu alipojua kusema, akimwambia mtu huyuhuyu. Alilimeza.

"Marahaba."

Sauti yake ilitoka kama ya kuiba.

Nimeiandika harakaharaka, utaandika vizuri zaidi. Ila sikiliza kinachotokea: salamu yetu ina ngazi, na safari ya wakati imeipindua ngazi. Kwa babu ni vilevile. Umemwandika kama mzee, mgongo umepinda, fimbo mkononi. Piga hesabu. Mwaka 1996 ana binti wa miaka sita. Ni mtu wa miaka 34 au 35, anatembea haraka, anatafuna kahawa, pengine anatania wachukuzi. Koku akimwita "babu" atageuka kutazama nyuma amwone huyo mzee anayeitwa. Pata hapo kicheko kidogo kabla ya machozi. Kitabu chako mpaka sasa hakichekeshi hata mara moja, na watoto hawaombolezi kurasa 200 mfululizo.

Sasa fedha. Sura ya tatu Koku ananunua soda kwa noti ya elfu na muuzaji anampa chenji. Haiwezekani, na kwa kutoliona hilo umepoteza tukio zuri. Noti ya elfu ya siku hizi ina sura ya Mwalimu Nyerere. Noti ya elfu iliyokuwa mikononi mwa watu mwaka 1996 ilikuwa na sura ya Mzee Mwinyi. Mwalimu alikuwa hai wakati huo. Alifariki Oktoba 1999. Muuzaji wa soda anakumbuka noti za zamani zenye sura ya Mwalimu, kwa hiyo hatapiga kelele. Ataigeuza, ataishika dhidi ya jua, atasoma sahihi ya gavana ambaye hajawahi kumsikia, halafu atamtazama msichana. Waliopita madrasa wanajua kwamba hili ni la kale sana: watu wa pangoni katika Suratul Kahf, waliolala miaka 300 na wakaongeza tisa, wanapoamka wanamtuma mwenzao mjini na sarafu yao ya fedha akatafute chakula, na katika masimulizi ni sarafu hiyo inayomtoa mtu uwanjani. Msafiri wa wakati huumbuliwa na mfuko wake. Basi karanga za mama atazinunuaje? Kwa nini asizibadilishe na kibanio cha nywele, au asiombwe azichukue bure? Hapo pa kufikiria, na hapo ndipo mwandishi anapopata mambo yake, si kwenye mwanga wa buluu.

Nije kwenye huo mwanga. Uliuliza kama unahitaji mashine. Hapana. Mashine ilipata umaarufu kwa riwaya ya H. G. Wells ya mwaka 1895, na ilimfaa kwa sababu msafiri wake alikuwa mvumbuzi mwenye karakana, tena alikuwa anakwenda mwaka 802,701 ambako hana ndugu. Octavia Butler, Mmarekani mweusi, mwaka 1979 katika Kindred hakutoa mashine yoyote. Dana, mwanamke wa California ya mwaka 1976, anashikwa na kizunguzungu, na akizinduka yuko Maryland ya zama za utumwa, na kila mara sababu ni ileile: mtoto wa bwana wa watumwa, ambaye ni babu wa ukoo wake, yuko hatarini kufa. Lazima amwokoe mtu anayemchukia ili ukoo wake uzaliwe. Unaona kwamba na yeye amekigeuza kitendawili cha babu, kwa upande mchungu zaidi. Hakukiandika kwa ajili ya watoto na sikushauri umpe mdogo wako wa darasa la tano, ila wewe kisome. Hakuna msomaji aliyekidai kitabu kile maelezo ya kizunguzungu, kwa sababu kizunguzungu kina sababu, hata kama hakina mtambo.

Sayansi yenyewe haitakusaidia hapa. Kwenda mbele kunawezekana, kidogokidogo: tangu nadharia ya Einstein ya mwaka 1905 tunajua kwamba saa inayokwenda kasi hukawia, na mwanaanga Gennady Padalka, aliyekaa angani jumla ya siku 878, alirudi duniani akiwa nyuma yetu kwa takriban sehemu mbili za mia za sekunde. Kurudi nyuma ndiko hakuna aliyekuona. Mwanafizikia Stephen Hawking aliandaa karamu Cambridge tarehe 28 Juni 2009, shampeni mezani, kisha mialiko akaitoa baada ya karamu kwisha, ili waje wale tu wanaoweza kurudi nyuma. Alikaa peke yake. Kwa hiyo simu ya Koku inayotoa mwanga wa buluu haimdanganyi mtu yeyote, inafanana tu na sayansi kama baskeli ya waya inavyofanana na baskeli.

Tafuta mlango ndani ya nyumba ya Koku. Ningeutafuta kwenye lugha kwanza. Sisi tunasema "usiku wa kuamkia Jumanne." Usiku bado ni wa Jumatatu kwa kalenda ya ukutani, lakini tunauita kwa jina la asubuhi ambayo haijafika. MV Bukoba iliondoka Bukoba Jumatatu, ikapitia Kemondo, ikazama asubuhi ya Jumanne tarehe 21 Mei 1996 ikiwa imekaribia Mwanza. Usiku ule wa kuamkia ulikuwa mrefu kuliko mwingine wowote katika maisha ya bibi, ingawa wakati ule hakujua; alilala vizuri, pengine, na mtoto pembeni. Basi mpe bibi desturi: kila mwaka usiku wa kuamkia tarehe 21 hafumbi jicho. Anakaa barazani mpaka kuche. Mwaka huu Koku anakesha naye kwa mara ya kwanza. Mlango ni huo mkesha wa bibi. Sina haja ya kuelezwa zaidi, na nadhani hata rafiki yako hatahitaji.

Faida yake nyingine ni kwamba mlango huo unajifunga wenyewe, na hili ni jambo ambalo waandishi wakubwa limewasumbua. Katika kitabu cha tatu cha Harry Potter kuna kidude cha kuning'iniza shingoni kinachorudisha saa nyuma, na kimetumika kwa ustadi, wakati uliofungwa kabisa: Harry anaokolewa ng'ambo ya ziwa na mtu anayedhani ni marehemu baba yake, kumbe ni yeye mwenyewe. Lakini ukishawapa watu kidude cha namna hiyo, kila balaa linalofuata msomaji anauliza, si mkitumie kile? Mwandishi akalazimika kuvivunjavunja vyote kwenye kitabu cha tano. Wewe ukiuacha mlango kwenye simu, msomaji wako atauliza kwa nini Koku asirudi tena kesho na mpango bora. Ukiuweka kwenye mkesha wa bibi, jibu liko wazi: bibi akisinzia, mlango umekwisha. Na bibi ana miaka mingapi sasa? Atakesha mingine mingapi?

Linabaki swali ambalo hukuliuliza, lakini muhtasari wako umelizunguka. Kama babu lazima afe, Koku amekwenda kufanya nini? Kumwokoa mama, sawa, lakini hilo lilikuwa limeshafanyika kabla hajaondoka barazani. Yeye amepata nini?

Hapa nitakuazimisha jambo la John Mbiti, mwanatheolojia wa Kenya. Katika kitabu chake cha mwaka 1969 kuhusu dini na falsafa za Kiafrika alichukua maneno mawili ya Kiswahili, Sasa na Zamani, akayafanya vyumba viwili vya wakati. Alisema marehemu haendi Zamani siku anapozikwa. Anabaki kwenye Sasa muda wote ambao yupo mtu hai anayemkumbuka kwa jina, aliyemjua yeye mwenyewe. Siku mtu wa mwisho aliyemjua anapokufa, ndipo marehemu naye anapohamia Zamani. Mbiti alidai pia kwamba katika fikra za jadi wakati ujao wa mbali haupo, na hapo wasomi wengi wa Kiafrika walimpinga. Mimi pia simwamini, maana mkulima wa Kagera anayepanda mche wa kahawa leo anajua fika kwamba anaongea na miaka kadhaa ijayo. Lakini lile la Sasa na Zamani naona limekaa kama limeandikwa kwa ajili ya Koku.

Hesabu waliobaki wanaomkumbuka babu. Bibi. Mama, kwa ukungu wa mtoto wa miaka sita. Koku ana picha moja ya pasipoti, hajui hata sauti. Kisha msichana huyu anasimama gatini, babu anamtania, anampa kahawa ya kutafuna, anamwuliza ni binti wa nani na kwa nini analia. Dakika tano. Koku anarudi barazani Igoma, asubuhi, na sasa naye ni mtu aliyemjua. Ana miaka 15. Babu amepata miaka mingine sitini ya Sasa, kama Mungu akimjalia mjukuu umri. Hakuna aliyebadilisha kitu kwenye meli, na safari haikuwa bure. Kama riwaya yako ina jambo la kusema, nadhani ni hili. Usilieleze, mfanye tu Koku asubuhi ile amwambie bibi babu alikuwa anachekaje, bibi asimame na kikombe mkononi.

Maneno machache kuhusu ajali yenyewe, maana hii si meli ya kubuni. Walikufa watu zaidi ya 800, idadi kamili haikujulikana, na sababu mojawapo ni kwamba daraja la tatu halikuwa na orodha ya majina. Hilo litumie: familia ngapi zilikaa na shaka kwamba pengine hakupanda? Bibi yako wa kwenye hadithi alimwona akipanda, jirani yake hakuona. Wengi walizikwa hapo Igoma, umbali wa matembezi kutoka nyumbani kwa Koku, na hukuwataja. Watoto na wajukuu wa waliokufa watakisoma kitabu chako. Kwa hiyo usimbunie nahodha maneno, usimpe ofisa yeyote wa bandari hongo uliyoitunga mwenyewe. Meli ilikuwa ya kubeba abiria 430 na ilizidiwa. Hilo linatosha, halihitaji chumvi. Koku akipiga kelele gatini kwamba meli itazama, asipatikane mtu mwovu wa kumziba mdomo. Apuuzwe tu kama mtoto yeyote anavyopuuzwa, na mwanamke mmoja amvute pembeni amwambie akome kutabiri mabaya, watu watamwita mchawi.

Na kuna mtego mmoja wa wakati uliofungwa nakuomba uuruke. Waandishi wengi wakishaugundua, hukimbilia kumfanya msafiri awe ndiye sababu ya maafa: Koku anamsihi babu asipande daraja la kwanza, basi anapanda la tatu, basi anakufa. Ni ujanja unaompendeza mwandishi na kumwumiza mtoto anayesoma akiwa amefiwa, ambaye tayari usiku hujiuliza kama yeye ndiye alisababisha. Babu alikuwa na tiketi kabla Koku hajafika. Iache hivyo.

Andika upya kuanzia sura ya tatu, ile ya tisa itafuata yenyewe. Ukimaliza niletee. Na zile karanga usizitie kwenye kimfuko cha plastiki kama ulivyofanya ukurasa wa nne. Zifunge kwenye kipande cha karatasi ya daftari kilichokunjwa pembe, chenye hesabu za kujumlisha za mtoto wa mtu, nusu zimekosewa.